Jiwe Ndani ya Jiwe

Miaka kumi na moja iliyopita niliandika: si saratani.
Niliandika kwa wino wa buluu, nikapiga mstari chini,
na mkono wangu haukutetemeka, wala haukukosea.

Anselmo Huarca, mchonga mawe wa Arequipa,
alikuja na shavu la kushoto limefura
kama mtoto anayeficha limau.
Eksrei ilionyesha taya lenye ukungu,
kioo kilichosuguliwa kwa msasa.
Chini ya hadubini, vijipande vya mfupa
vimetapakaa kama herufi za lugha isiyo na msomaji.
Uvimbe mpole, nikamwambia. Mpangaji asiye na kelele.
"Basi akae," akasema, "maadamu halali kitandani kwangu."
Tulicheka. Alinichongea chura
wa jiwe jeupe la volkano, akandamize karatasi zangu.
Yupo hapa bado.

Agosti hii amerudi. Shavu ni lilelile.
Ila mdomo wa chini, anasema, umelala hauamki.
"Vumbi nililijua kwa mdomo, Daktari.
Kwa mdomo nilijua jiwe limekunywa maji kiasi gani.
Sasa nalamba kama nalamba mdomo wa mtu mwingine."

Kijana wetu Renzo akafungua faili:
ni ule ule wa zamani, umeandikwa hapa.
Nami, Mungu ananiona, nusura niitikie.
Faili nene lina sauti kuliko mdomo uliolala.

Tukachukua kipande.
Mfupa haukatiki mkavu; hulazwa kwenye asidi
siku moja, siku tatu, siku sita,
mpaka ugumu wake umtoke.
Anselmo anapiga simu: "Bado linalowa?"
Bado.
"Mimi ningekuwa nimeshamaliza mlango wa kanisa."

Siku ya saba nikaweka kioo mahali pake.
Nikamkuta jirani wa zamani, waridi yuleyule,
herufi zilezile. Nikamsalimu, karibu niinuke nikanywe chai.
Kisha nikasogeza kioo upana wa ukucha.

Lasi.
Lasi nyembamba ya mfupa mbichi, imefumwa kwa pupa,
na wafumaji wake weusi, wakubwa kwa wadogo,
hakuna aliyefanana na nduguye,
wengine wakigawanyika mbele ya macho yangu
kama watu wanaogombania mkate.

Nikatafuta daraja kati ya huyu na yule.
Nilitafuta mpaka shingo ikakakamaa.
Hapakuwa na daraja. Palikuwa na uzi wa mfupa mzima,
mweupe, mnyoofu, usiojua lolote.
Hawakuzaana. Hawakuitana.
Wamekutana tu katika taya la mtu mmoja,
na mmoja, kwa upole wake, akamficha mwenzake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba nguoni humo humo
huenda mna kisichokula,
nawe ukakizoea, ukaacha kujikung'uta.

Nilipomwambia, hakulia. Alimchukua chura,
akampindua, akanionyesha tumboni
mshipa wa kijivu ambao sikuwahi kuuona.
"Jiwe halikukudanganya," akasema.
"Patasi ndiyo hudanganyika, ikishazoea."
Kisha: "Mtamfukuza mpangaji yupi?"
Wote wawili, Anselmo. Na nusu ya nyumba.
Akashika kidevu chake, taratibu,
kama anayepima mahali pa kupitisha msumeno.

Upasuaji ni Alhamisi.
Ni usiku, naandika ripoti, nayo inataka aya mbili.
Ya kwanza: si saratani.
Maneno yaleyale, wino uleule, na bado ni kweli.
Hilo ndilo linaloniuma.

Chura ananitazama.
Naruka mstari mmoja.
Ya pili: