Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nilikuwa natafuta dawa ya kipimahewa cha babu,
kile cha shaba, kilichokwama kwenye neno "mvua".
Na kwa kuwa hapa Valdivia mvua ni mwenyeji,
ilipita miaka sita kabla hatujagundua kuwa kimekufa.

Usiku, jiko la kuni likikohoa,
nikafungua hifadhi ya majarida ya sayansi,
yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa
na mtu ambaye kidole gumba chake
kimebaki pembeni mwa toleo la Agosti, 1961.
Nikakiamkia kama mtu mzima.

Humo mna ahadi zilizokufa changa:
miji chini ya bahari ifikapo mwaka wa themanini,
kidonge kimoja badala ya chakula cha mchana,
sumu ya wadudu iliyosifiwa kama manukato.
Wino wa ukurasa wa nyuma umepenya,
mwezi umeota masharubu
ya bwana wa tangazo la sabuni.

Kisha, maswali ya wasomaji:

"Mhariri, tangu tetemeko la mwaka jana
shamba letu la viazi limekuwa ziwa.
Nimesimika kijiti, nakisoma kila Jumapili baada ya misa.
Maji hayarudi. Ardhi imekwenda wapi?
Rosamel Huaiquimilla, miaka kumi na mmoja."

Mhariri akajibu kwa upole, bila shaka hata chembe:
Dunia, kijana, ni tufaha linalokauka.
Inapoa, inasinyaa, ganda linakunjamana.
Ama mabara kuhama, hizo ni ndoto za wachache.

Sikucheka.
Kitabu kipya hukuletea jibu lililokwisha kuoga,
nywele zimechanwa, viatu vinang'aa.
Jarida kuukuu hukuonyesha jibu lilipoamka,
lina matongotongo,
na halijui kuwa jioni litafukuzwa nyumbani.
Nikajiuliza
ni tufaha gani ninalolitafuna mimi leo
kwa kujiamini vile vile.

Akina Huaiquimilla ni wawili tu katika kitabu cha simu.
Wa pili hunoa misumeno, ng'ambo ya mto Calle-Calle.
Nilimpelekea ukurasa ndani ya mfuko wa plastiki.

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa.
Alisoma midomo ikicheza, kama anayeonja mchuzi.
"Kijiti," akasema. "Nilikisoma miaka minne.
Daftari likaja kuwashia moto, mama hakujua."

Na jibu, je?

"Sikuliamini. Matufaha tulikuwa nayo, darini, magunia.
Yalikauka kila mwaka
wala hakuna lililowahi kutetemeka."

Kisha kidole chake, cheusi kwa mafuta ya mashine,
kikaliacha swali, kikaliacha jibu,
kikashuka hadi kwenye tangazo dogo pembeni:
hadubini ya wanafunzi, escudo kumi na mbili,
posta bure.
"Hii," akasema. "Hii hasa ndiyo niliyoitaka."
Akaniomba nimkuzie picha yake.

Dirishani, palipokuwa viazi,
bata maji wa shingo nyeusi walipita bila haraka
juu ya ziwa lenye umri wa swali lake.

Kipimahewa bado hakijapona.
Nilirudi nimelowa chapachapa, nikakitazama ukutani:
siku ile, angalau, kilisema kweli.