Jumanne, Somo la Kuogelea

Huku kaskazini mwa Aisilandi
theluji imefika madirishani, bwawa linafuka mvuke.
Watoto kumi na mmoja majini, wa kumi na mbili benchini,
fulana hajavua. "Nina mafua," asema Eyvi.
Wiki ya tatu sasa, mafua yaleyale.

Nilimsaidia kufunga zipu ya koti. Nikaona.
Kuanguka hakuachi alama za vidole.

Baba yake ndiye anayeniondolea theluji mlangoni
kabla sijaamka, wala hajawahi kudai hata kahawa.
Mji una duka moja,
na kila mtu anajua gari la nani limelala wapi.

Sheria haiulizi kama nina hakika.
Inasema: ukishuku, sema.
Haisemi nitamtazamaje dukani,
mkono wake na wangu juu ya mkate mmoja.

Mwalimu mkuu, Steinunn, alisema, "Pasaka ipite kwanza."
Nikakumbuka mwaka ule wa Sunneva,
tulivyosubiri sote, kwa adabu kubwa.

Nikaingia chumba cha taulo, mlango nimeubana kwa mguu,
nikapiga simu. Sauti ya msichana, mwenye mafua ya kweli,
ikauliza jina la mtoto. Nikalitaja herufi kwa herufi.
Ikauliza langu.
Hapo nikanyamaza.
Kisha nikalitaja nalo.

Leo alfajiri theluji imefika kitasani.
Hakuna aliyeigusa.
Natafuta sepeto; sikumbuki
niliiweka wapi.