Swali la Nne

Kabatini mwa darasa la tatu kuna boksi la viatu,
na ndani yake jimbo zima la Dakota Kaskazini:
kadi zilizoliwa pembe na vidole vya watoto,
na jiwe moja zito, nimelivalisha soksi.
Kila mwaka, theluji ikianza kulegea,
nalitoa, napuliza vumbi, nasema,
"Haya. Leo tunajifunza sisi ni nani."

Ndege: kifua cha njano, kidani cheusi shingoni.
Huyu wanamjua. Hukaa juu ya nguzo za seng'enge
akiubishia upepo.
Kinywaji: maziwa.
Darasa zima linacheka.
"Kwa sheria?" anauliza Prabesh.
Kwa sheria.
"Na mtu ambaye maziwa yanamuuma tumbo, anakamatwa?"
Namwambia gereza letu ni dogo, asiwe na wasiwasi.

Jiwe linapita mkono kwa mkono.
Lilikuwa gogo, nawaambia. Lilielea baharini,
funza wa maji ya chumvi wakalitoboa-toboa,
likazama, likakaa mpaka likawa jiwe.
"Bahari ipi?"
Dirishani kuna shamba la Ostby, trekta, ghala la ngano,
kisha hakuna kitu mpaka mbingu.
Hii hii, nasema, nikigonga sakafu kwa kisigino.
Tilda anainua miguu yake, asije akalowa.

Tunda: cheri za porini, zile zinazokausha ulimi.
Zilikuwa rasmi mwaka elfu mbili na saba, nasoma.
Rozlyn Youngbear hainui mkono, anasema tu
kwamba bibi yake kule Fort Berthold
huzitwanga pamoja na kokwa, akazianika juani,
kama alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake.
"Bunge lilichelewa," anasema,
bila ubishi, kama mtu anayekutajia saa.
Sina kadi ya kumjibu.

Halafu mti. Elmu.
Nani ameuona?
Kimya. Kalamu inabiringika, inaanguka.
"Ni kile kisiki," anasema Wendell polepole,
"tunachokalia tukifunga kamba za viatu?"

Ndicho. Ukungu uliingia, umebebwa na mende wadogo,
majani yakanyauka juu kwanza, katikati ya kiangazi.
Wakaja watu wa mji, wakachora msalaba wa rangi ya chungwa,
wakaukata shule ikiwa imefungwa, Jumanne,
ili asiwepo wa kulia.
Mimi nilikuwepo. Nilifuata miwani yangu.

Basi tukatoka, makoti yetu hayajafungwa vifungo,
tukapiga magoti kuzunguka mti rasmi wa jimbo
tukazihesabu pete zake.
Tilda alipata sitini na sita. Prabesh, hamsini na tisa.
Rozlyn alikataa kuhesabu sehemu iliyooza.
Mimi nilipotea kwenye thelathini na kitu,
penye mstari mwembamba kama uzi:
mwaka wa ukame, nadhani,
mwaka baba alipouza ng'ombe wote
akabaki akiamka alfajiri, hana wa kumkamua.
Sikuwaambia. Nilisema nimepoteza hesabu.

Ijumaa, mtihani.
Swali la nne: *Chora mti wa jimbo letu.*
Kumi na wanane wamechora mti, kijani, mnene,
kama brokoli iliyoshiba.
Wendell amechora kisiki,
na juu yake mtoto ameinama, anafunga kamba.
Karatasi ya majibu inasema: shina refu,
matawi yaliyotanuka juu mithili ya jagi la maua.

Chai imepoa. Kalamu nyekundu iko mkononi tangu saa mbili.
Nimeandika nusu alama. Nimefuta,
karatasi ikachubuka kidogo penye kiatu cha yule mtoto.
Mwishowe nimempa zote, na pembeni,
kwa herufi ndogo, nimemuuliza:
*Mbona hukuchora pete?
Wewe ulipata ngapi?*