Nungunungu wa Miezi Tisa

Sweta ya kijivu ilikuwa yangu,
kiwiko cha kushoto kimetoboka,
Lorna ameshaitia kwenye mfuko wa matambara.
Nimeitoa. Nimekata mikono,
nikaja kuipima juu ya Mireille usingizini,
akanuna bila kufumbua macho.

Bi Pelkonen wa nyumba ya pili kaniazima cherehani
pamoja na onyo: "Usiikimbize. Hiyo si katapila."
Kule mgodini naendesha mtambo wa tani arobaini,
kilomita mbili chini ya miguu ya watu,
gizani, na sigusi ukuta.
Hapa uzi umekatika mara saba
na kidole gumba kinavuja.

Dukani wanauza nyuki, maboga, simba wa nailoni,
Halowini ya kununua, imekunjwa kwenye mfuko.
Mimi namtaka nungunungu,
kama yule anayeguguna ngazi yetu ya mbao
kila vuli, akitafuta chumvi ya viatu vyetu,
asiyemkimbia mbwa wala lori.

"Kwa nini si sungura?" Lorna anauliza.
"Masikio mawili, umemaliza, ukalale."

Nakata miiba kwenye blanketi kuukuu.
Sijibu.

Alizaliwa na kilo moja na robo.
Kwenye lile sanduku la kioo nilizihesabu sindano:
kisigino, kisigino, utosi,
mkono usiozidi kidole changu,
kisigino tena.
Ya thelathini na nane ilinishinda,
nikatoka kusimama kwenye maegesho, bila koti.

Miiba hii siihesabu.
Ni laini. Yote inatazama nje.

Siku yenyewe theluji ikawahi.
Vazi halipiti juu ya koti la baridi,
koti halipiti juu ya miiba.
Lorna akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Basi nikamfunika kifuani mwangu
tukavuka ua mbio, nyumba moja tu,
tukabisha.

Bi Pelkonen akavaa miwani.
"Panya gani huyu?"

Mireille akaung'oa mwiba wa shingoni,
akautia kinywani,
akaanza kuguguna taratibu
kwa meno yake mawili.

"Ahaa," akasema bibi, "nungunungu,"
akamgeuza mgongo chini ya taa, akapitisha kucha:
"Mshono huu umekwenda upogo."