Uzi wa Rangi Nyingine

Bendera ya mwaka jana niliishona mie.
Satini ya njano, dhiraa mbili,
pindo la kukunja mara tatu. Nikaipiga pasi ikang'aa.
Kombo akasimama nayo pale kona ya Ngezi,
msitu unapokwisha na jua linapokupiga kofi la uso.
Aliipunga. Wallahi aliipunga.
Nyuma yake migomba, majani makavu ya njano,
nyuma ya migomba ukuta wa duka la vocha, njano vilevile,
na jua la saa kumi likivimwagia vyote samli.

Haroub akatoka gizani na pikipiki yake
akapita.
Mbele kidogo Mbwana alikuwa kalala njiani,
chombo kimemlalia mguu.

Mguu ulipona Wete, umepinda kidogo.
Kamati ikakaa Konde, chai na mikate ya kumimina:
bendera ilikuwepo, dereva hakutii.
Haroub akajibu neno moja,
"Sikuiona."
Watu wakacheka. Kitu cha njano, mchana kweupe!

Mie sikucheka.
Miaka ishirini na mitatu kazi yangu ni kuficha:
uzi mweusi kwa nguo nyeusi, samawati kwa samawati.
Mshono ukipotea ndipo naitwa fundi.
Pale konani nilifanya nilichozoea,
nilitia kiraka cha rangi moja na nguo.

"Nichukue," nikamwambia Haroub.
Akadhani mzaha. Nikafunga mtandio chini ya kidevu,
nikashika kiti kwa mikono miwili, tukaingia msituni.
Nilitaka kuihesabu kona.
Moja, mbi—
imekwisha.
Kwa mwendo ule jicho ni tundu la sindano,
dunia nzima inasukumana kupita
na unaoingia ni uzi mmoja.
Niliposhuka magoti yalikuwa si yangu.

Mwenyekiti alitaka bendera kubwa zaidi.
Nikamwambia, Bwana Khatib, hata shuka la kitanda,
mbele ya migomba ni mgomba mwingine.
Na mtu aliyekwisha kupigwa kofi na jua
humwonyeshi kitu. Mwonyeshe kabla.
Akaniuliza nimesomea wapi mambo ya barabara.
Nikamwonyesha kidole changu, alama za sindano.

Usiku nikafungua kasha.
Buibui la mama, lile la zamani la kufunga kwa kamba,
bado lina udi kwenye mikunjo.
Alilivaa maisha yake yote asitazamwe.
Nikalikaa nalo mapajani mpaka taa ikaisha mafuta.
Dada yangu Mwanaidi aliposikia
alininunia siku tatu, na haki yake.

Tukalitandaza kwa fito mbili
hatua mia mbili ndani ya msitu,
kivulini, macho yakingali mazima.
Kombo mbele yake, na satini ileile ya mwaka jana.
Sikuongeza hata nchi moja.
Nikarudi nyuma, nyuma zaidi,
nikachuchumaa kimo cha mpanda pikipiki:
kiini cha yai juu ya wino.

Siku ya mashindano alikatika kamba mbuzi wa watu.
Akaja kusimama katikati ya lami, kona ileile,
anatafuna, hana habari.
Kombo akapunga.
Mie nikafumba macho. Naomba radhi, nilifumba.
Nikasikia injini ya Haroub ikija inapasua msitu,
halafu, mbali bado, mbali sana na mbuzi,
nikaisikia inashusha sauti
kama mtu aliyeingia chumba alimolala mtoto.

Jioni Kombo alinikunjia buibui.
Lilikuwa na vumbi, lilinuka petroli.
"Nikakufulie?"
Nikasema liache.
Nikalitia pajani, na mahali fito ilipolichana
nikapashona kwa uzi wa njano.