Daftari la Maji, Ibra

Kura zilirudiwa mara sita sablani,
kahawa ikapoa, ikachemshwa, ikapoa tena.
Ya saba ndiyo iliyomtoa Muhana bin Zahir, wakili wa falaji,
kwa sauti moja tu, na mwenye sauti hiyo
hadi leo anakana kwamba ni yake.

Siku ya kukabidhiwa funguo alikuja kwa miguu.
Gari lake jeupe alilifungia nyumbani.
Vumbi likamvaa hadi magotini,
na waliomnyima kura wakanong'ona: maigizo hayo.

Akasoma karatasi yake, mkono ukimtetema kidogo:
deni la pampu lilipwe kabla ya karamu yoyote;
hesabu isomwe hadharani kila Ijumaa baada ya sala;
wakili asiwe na mamlaka kupita yaliyoandikwa;
na anayenipinga, zamu yake isiguswe hata tone.
Hapo Sulum, wakili aliyeng'olewa,
akakohoa, kikohozi kisicho na mafua.

Nami karani, mzaliwa wa Tabora,
niliyeletwa huku na miaka tisa na shati moja,
daftari hili nimewaandikia mawakili wanne.
Nusu saa ya maji huku huitwa athari.
Wenzangu hawajui kwa nini nacheka:
kwa lugha ya mama yangu
kila athari ina athari zake.

Maneno yakakimbia kuliko maji.
Ataikausha mitende ya msikiti.
Atawagawia vibarua zamu za wenyewe.
Asiyejua kufunga kilemba
atafungaje mlango wa mfereji?
Bi Ghalia hakusema hayo.
Aliomba nakala ya ile karatasi,
akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa miwani.

Kiangazi kikaja na meno yake.
Maji yakashuka chini ya alama ya jiwe.
Warithi fulani wakaao Dubai wakatangaza kuuza
usiku mzima, athari ishirini na nne.
Muhana hakuita kikao. Alinunua kwa jina la falaji,
kwa fedha ambayo ilikuwa bado haijawa yetu.

Ijumaa nikasoma, koo limenikauka.
Bi Ghalia akaikunjua karatasi:
"Nionyeshe mstari, Muhana. Mstari upi?"
Mstari haukuwapo. Sote tulijua,
na mashamba yetu sote, hata la Sulum,
yalikuwa yameshalowa.

Leo, saa tisa za usiku, ni zamu yake Bi Ghalia.
Amesimama ukingoni, simu inahesabu.
"Zimepungua dakika mbili!"
Ndani ya mfereji, tope mapajani,
wakili anazibua mizizi kwa vidole, tochi mdomoni.
Anaitoa. "Andika, karani. Dakika mbili."
"Na ule usiku ulionunua?"
Vyura wanajibu kwanza.
"Na huo andika. Andika na swali lake."

Napapasa kalamu gizani.
Maji hayanisubiri.