Mkaa Usiotoa Moshi

Alikuja Kihesa asubuhi ya ukungu, mwezi wa sita,
viganja vimepotelea ndani ya mikono ya koti,
akasema "kamwene" kama mtu aliyeshika yai.
Nani asimwitikie mgeni aliyejifunza salamu kabla ya bei?

Hakutaka gunia. Alitaka vipande,
akivigonga kwa ukucha, akivisikiliza.
"Wa miwati huo," nikamwambia, "umetoka Kilolo.
Unalia kama kigae. Hautoi moshi."
Hapo akainua macho.
"Hautoi moshi?"
"Hautoi, mwanangu. Haki ya Mungu."
Akanunua ndoo mbili, hakuomba kupunguziwa,
nikaona haya, nikamwongeza vipande vitatu.

Lutengano, kijana aliyembebea, ndiye aliyenipa habari:
anaitwa Miran, mchoraji, katoka kisiwa cha Korea,
kutwa yuko juu ya Gangilonga
analifunika jiwe karatasi kama mtoto mwenye homa,
anasugua mkaa, anasugua,
mpaka makunyanzi ya jiwe yatoke upande wa pili.
Wapita njia wanacheka:
leo jiwe nalo linapigwa picha ya pasipoti!

Wiki ya pili akaja kukalia kigoda changu.
Kiswahili chake kilikuwa na mashimo,
tukawa tunayaruka.
Bibi yake, alisema, alijificha pangoni wakati wa theluji
askari walipokuwa wanachoma vijiji vya mlimani.
Watu kumi na saba, chungu kimoja.
Aliyewauza hakuwa jirani, hakuwa mbwa wala kichanga.
Ulikuwa moshi,
mwembamba, wa kuchemshia mzazi maji.
Bibi alikuwa ametoka kutafuta kuni.
Aliishi miaka hamsini zaidi
akila chakula kilichopoa,
na kwa miaka mingi kulitaja pango lilikuwa kosa.

Nikaacha kupepea jiko.

Maana bibi yangu naye alikuwa na neno,
sisi wajukuu tukilichekea kwenye shuka:
*Moshi una mdomo.*
Kila jioni alizima moto kwanza, ndipo afunge mlango.
Tulidhani ni ubahili wa kuni.
Nimeambiwa ukubwani, msibani, tena kwa mkato,
kwamba Kalenga ilipovunjwa kwa mizinga
mama yake alikimbilia Udzungwa usiku, mimba ya miezi saba,
akitafuna ulezi mbichi,
na Wajerumani juu ya kilima wakihesabu mioshi.
Mimba hiyo ndiyo bibi.
Alijifunza kuogopa moto kabla hajaota meno.

Haya yote nilimwambia Miran?
Sikumwambia. Nilisema, "Na kwetu pia,"
akatikisa kichwa, akanunua ndoo ya tatu.

Siku ya maonyesho nilivaa kitenge cha harusi ya mwanangu.
Karatasi zimening'inia kwenye boma la zamani, dari hadi sakafu,
nyeusi tii,
na mimi nasimama mbele ya mkaa wangu
kwa mara ya kwanza hauna sufuria juu yake.
Jiwe letu na jiwe la kwao, bega kwa bega.
Sikuweza kuyatenganisha, na Gangilonga naliona kila siku.
Katikati ya kila moja ameacha doa jeupe,
halizidi chapati,
mahali ambapo mkono wake haukupita.
Ofisa utamaduni akahutubia juu ya utalii.
Mtu nyuma yangu akanong'ona: pale amesahau.

Hakusahau.

Nilirudi nyumbani bila kuaga.
Nikawasha mafiga uani, siyo jiko,
nikatupia kuni mbichi za mkaratusi na majani yake,
moshi ukajikunja, ukapanda, mnene, mweupe,
ukapita bati, ukapita mparachichi,
ukaonekana, naamini, mpaka Kitwiru.
Mama Chengula akapiga kelele ukutani:
"Jirani, unatuua!"
"Vumilia kidogo," nikamjibu, machozi yananitoka,
"bado unaongea."